Somo: namna ya kuuza kitabu ulichochapa kwa hela yako mwenyewe, kwa sisi wa Moshi na Arusha

Habari za jioni wadau. Wengi mmenitumia meseji mkiuliza nimeuzaje riwaya yangu bila kampuni, kwaiyo nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Riwaya ni ya ndugu watatu wanaogombea kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yao. Nilichapa nakala 300, zimeisha, saa hizi naandaa chapa ya pili. Nitasema nilivyofanya mimi, na pale nilipopoteza hela nitasema wazi ili wewe usipoteze.

Kabla ya hatua yoyote nunua daftari, lile gumu la kaunta. Kila anayenunua muandike jina, namba ya simu, anakaa wapi, amenunua lini, alafu safu ya mwisho: nani alimwambia habari za kitabu. Hiyo safu ya mwisho usiiache hata mara moja, ntaeleza kwa nini.

HATUA YA 1: piga hesabu kabla hujaenda kwa mchapaji

Mimi kila nakala ilinigharimu shilingi 5,200, nakala 300 ni 1,560,000. Nikapanga bei 12,000. Ukiuza mkono kwa mkono unabaki na 6,800 na ukishafikisha nakala 130 hela ya kuchapa imerudi yote. Ukipitisha dukani na duka likachukua asilimia 30 wewe unapokea 8,400, ukitoa gharama ya kuchapa unabaki na 3,200, na hapo hujagusa nauli wala vocha, na ili hela irudi inabidi ziuzwe 186. Ndo maana wengi wanaopanga bei ya kuonea watu huruma, unakuta kitabu 7,000, duka likikata chake hakuna kinachobaki. Panga bei ambayo hata duka likikata bado unakula.

HATUA YA 2: ISBN na kava

ISBN unaomba Maktaba ya Taifa, Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, omba mapema kabla kava halijafungwa. Ni namba ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13 inayoanza na 978. Kitabu kikitoka wapelekee nakala zao, sheria inataka hivo. Hakikisha mtu wa kava anaweka na bakodi nyuma, maana kuna maduka yanauza kwa mashine na kitabu kisicho na bakodi wanakirudisha hapo hapo. Hakimiliki unasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kava lenyewe litazame ukiwa umeliweka chini na wewe umesimama. Hivyo ndivyo mteja wa mtaani atakavyoliona. Kama jina halisomeki ukiwa umesimama, rudisha.

HATUA YA 3: chukua oda kabla ya kuchapa

Hapa ndo pamenibeba. Mwezi mzima kabla ya kuchapa nilipigia watu simu, sio meseji, nikawaambia anayelipia sasa hivi ni 10,000 na jina lake litaandikwa kwa mkono wangu ndani ya kitabu. Walilipa watu 74, hiyo ni 740,000, karibu nusu ya hela ya kuchapa. Hela hiyo niliiweka kwenye laini ya peke yake ambayo siitumii kwa kitu kingine, kwa sababu hela ya oda ikishachanganyika na ya mboga huwezi tena kuisimamia. Na ukimwambia mtu tarehe, tarehe hiyo kitabu kimfikie. Mchapaji akichelewa piga simu wewe kwanza kabla hujapigiwa.

HATUA YA 4: maduka na mali kauli

Nilipoteza hapa. Vitabu vilipotoka nilikuwa na furaha nikasambaza nakala 60 kwenye maduka saba, Moshi mjini na Arusha, zote mali kauli, yaani duka linanilipa likishauza, bila karatasi yoyote, tumeelewana kwa mdomo tu. Baada ya miezi mitatu duka moja kijana niliyemwachia alikuwa ameshaacha kazi na mwenye duka anasema hajui lolote. Kule nilipoteza nakala 12. Sikuwa na cha kuonyesha.

Sasa hivi mali kauli natoa nakala tano tu kwa duka, na karatasi mbili za kaboni: tarehe, idadi, bei, asilimia ya duka, nani amepokea, sahihi yake na namba yake. Moja inabaki kwake, nyingine kwangu. Narudi kila baada ya wiki nne, tunahesabu pamoja, zilizouzwa nalipwa ndo naongeza. Duka linalosema njoo wiki ijayo mara tatu, nachukua vitabu vyangu kwa upole na tunabaki marafiki.

HATUA YA 5: fuata watu walipo, na majira yao

Nikarudi kwenye daftari. Nikakuta safu ya mwisho inarudia jina moja, mama mmoja mwenye saluni kule Pasua, Moshi, watu 19 wote yeye ndo aliwaambia! Alinunua nakala moja akaiacha kwenye kiti cha wateja, wanasoma wakiwa wanasukwa, wakifika katikati muda wa kusukwa umeisha na hadithi bado haijaisha. Nikamfuata nikamwomba awe wakala wangu, kila nakala anachukua 2,000. Ameuza kuliko maduka yote saba ukiyaweka pamoja. Nisingekuwa na daftari nisingemjua.

Majira nayo ni kitu kikubwa huku kwetu. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, kuanzia tarehe 20 hivi barabara za kupanda Marangu, Rombo na Machame zinajaa magari, watu wana hela na wana muda na wanaongea mambo ya ukoo. Nilienda Mwika baada ya ibada na meza ndogo tu na kitambaa. Akaja baba mmoja, mkono mmoja mfukoni, akafungua ukurasa wa kwanza akausoma wote amesimama, akageuza wa pili, mke wake anamwita kwenye gari hasikii. Akaniuliza, "Dada, hii umeandika ya familia gani?" Nikamwambia baba, ni ya kutunga. Akanyamaza kidogo akasema nipe tatu, moja yangu na mbili za wadogo zangu, tutasoma kabla ya kikao. Siku hiyo niliuza 31.

Januari usihangaike, hela yote iko kwenye ada. Nane Nane kule viwanja vya Njiro watu ni wengi ila inategemea kitabu chako, cha kilimo na ufugaji kitatoka sana, riwaya wanashika wanarudisha. Kwa walimu na watumishi nenda baada ya mshahara kutoka, sio tarehe 15.

HATUA YA 6: simu

Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24 tu, kwaiyo usiweke picha ya kava ileile kila siku watu wanaizoea na kuiruka. Weka aya moja yenye moto, ikatie pabaya. Na wengi hawajui kwamba ukituma brodikasti inawafikia wale tu waliosevu namba yako, ndo maana mtu anatuma kwa watu mia mbili wanaipata thelathini analalamika watu hawapendi kusoma. Mimi mtu akinunua namwomba aisevu namba yangu pale pale nikiwa naangalia. Lipa namba yako ichapishe kwenye kikaratasi kidogo uweke ndani ya kila nakala, anayeazima kitabu kwa mwenzake naye anaweza kukulipia chake.

MASWALI

Mdau wa Himo: Dada shikamoo. Nimeshauriwa niuze PDF kwa 3,000 sina hela ya kuchapa. Unaonaje?

Marahaba mdogo wangu. PDF ya kitabu kizima ukimuuzia mtu mmoja kesho iko kwenye magrupu kumi, na huna wa kumdai. Mimi PDF nilitoa sura ya kwanza tu, bure, na mwishoni namba yangu na bei. Ilizunguka na nikafurahi inavyozunguka. Hela ya kuchapa itafute kwa oda, hata nakala 50 zinatosha kuanza.

Mwalimu wa Usa River: Naweza kuingiza hadithi zangu za watoto mashuleni?

Mwalimu, vitabu vya kiada ni vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na cha ziada kikitaka kutumika rasmi kinahitaji ithibati, kwaiyo anza kuulizia huo mchakato mapema. Wakati unasubiri, uza kwa wazazi. Na walimu wenzako wanunulie watoto wao, hao ndo wa kwanza kwenye daftari.

Mdau wa Sanawari: Ndugu wote wanataka bure, nikikataa nakuwa mbaya. Ulifanyaje?

Kabla ya kuchapa niliandika majina 15 ya watu wa kupewa bure, basi, hakuna wa 16. Shangazi yangu hakuwemo. Kwenye kikao cha familia akatoa 12,000 mbele ya wote akasema mtoto wetu amefanya kazi, tumlipe. Nenda kwa mkubwa mmoja wa ukoo mueleze gharama zote kwa namba kama nilivyoeleza hatua ya kwanza, atakusaidia kusema.

Mdau wa Majengo: Wateja wa Dar unawatumiaje?

Kwa basi. Bahasha ya kaki, nailoni ndani, jina na namba kwa makapeni pande zote mbili, risiti ya mzigo unapiga picha unamtumia hapo hapo, anapokea Stendi ya Magufuli Mbezi. Nauli ya mzigo analipa mteja, mwambie kabla hajalipia kitabu.

Mdau wa Ngarenaro: Mimi nina nakala 200 ndani mwaka wa pili huu. Nimekata tamaa kabisa.

Pole sana kaka, najua mtu anavyojisikia akipita pembeni ya hayo maboksi kila asubuhi. Fungua boksi la chini kabisa leo. Mimi masika niliweka maboksi juu ya sakafu ya saruji, nakala 11 zikanywa unyevu zikapinda, kwaiyo yainue juu ya mbao. Alafu hesabu nzima ziko ngapi. Andika majina 20 ya watu waliowahi kukuuliza habari za kitabu hata mara moja, Jumamosi uwapigie mmoja mmoja. Na wiki ijayo nipe nakala tano, ntampelekea yule mama wa saluni akiweke kwenye kiti, mali kauli, ila njoo na karatasi ya kaboni tusaini.