Nani Anasema Hapa? Kupaka Rangi Maneno ya Wasemaji katika Biblia

Mstari wa Ayubu 8:7, unaosema kwamba mwanzo ujapokuwa mdogo mwisho utaongezeka sana, husomwa mara nyingi kana kwamba ni ahadi iliyotoka kinywani mwa Mungu. Aliyeyasema maneno hayo ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa marafiki watatu ambao katika 42:7 Mungu anatangaza kuwa hasira yake imewaka juu yao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu. Si kwamba kila neno la Bildadi ni uongo, lakini msomaji anapaswa kujua anamsikiliza nani, na njia nyepesi ya kujua hivyo ni kumpa kila msemaji rangi yake.

Tumia penseli za rangi, kwa sababu karatasi za Biblia ni nyembamba na wino hupenya hadi upande wa pili. Katika kitabu cha Ayubu, mwache msimulizi bila rangi. Ayubu mpe kijani, BWANA buluu, Elihu (kijana anayesema baada ya marafiki kunyamaza) zambarau, na marafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, rangi zinazokaribiana, yaani njano, chungwa na kahawia, ili jicho liwaone kama kundi moja. Shetani na mke wa Ayubu, ambao maneno yao ni machache, watatoshwa na kijivu. Nyekundu ningeiweka akiba kwa ajili ya Injili, kwa kuwa desturi ya kuchapa maneno ya Yesu kwa wino mwekundu, iliyoanzishwa na mchapishaji Louis Klopsch huko New York mwaka 1899 baada ya kutafakari Luka 22:20, ambapo Yesu anataja damu yake, imekwisha kuzoeleka. Andika ufunguo wa rangi hizo kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo, na pembeni mwa kila hotuba uweke herufi ya kwanza ya jina la msemaji, kwa faida ya wasioweza kutofautisha baadhi ya rangi.

Usianze kupaka mara moja. Pita kwanza na penseli ya kawaida ukiweka alama pale msemaji anapobadilika, hasa kama unatumia tafsiri ya Kiswahili iitwayo Union Version ya mwaka 1952, ambayo haina alama za kunukuu: hotuba huanza baada ya mkato, kwa herufi kubwa, na mwisho wake msomaji hujitafutia mwenyewe. Katika Ayubu kazi hii ni rahisi, kwa kuwa kila anayejibu hutajwa jina, kwa kawaida mwanzoni mwa sura. Ukimaliza utaona kwa macho jambo ambalo usomaji wa haraka hulificha: marafiki husema kwa zamu, Ayubu akiwajibu, lakini mzunguko wa tatu wa mjadala umekatika, Bildadi akiwa na mistari sita tu katika sura ya 25 na Sofari asionekane kabisa.

Ugumu huanza msemaji mmoja anapotaja maneno ya mwingine. Hapo paka rangi ya anayesema, kisha upige mstari chini kwa rangi ya anayenukuliwa. Jaribu katika Mwanzo 3:1–3. Nyoka anadai kuwa Mungu amekataza miti yote, naye mwanamke, anapomsahihisha, anaongeza katazo la kugusa. Linganisha maneno yote mawili yenye mstari wa buluu na agizo lenyewe katika 2:16–17, na tofauti itajionyesha.

Kuna mahali ambapo rangi ni uamuzi wa mfasiri. Hati za kale za Kigiriki hazikuwa na alama za kunukuu, kwa hiyo wataalamu hawakubaliani kama maneno ya Yesu kwa Nikodemo yanaishia Yohana 3:15 au 3:21. Mimi hupaka mistari ya 16 hadi 21 nyekundu hafifu na kuweka alama ya kuuliza pembeni.

Wimbo Ulio Bora, kitabu cha mashairi ya mwanamume na mwanamke wapendanao, humsumbua msomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kiebrania hutofautisha “wewe” wa kiume na “wewe” wa kike, lakini “u mzuri” yetu yaweza kuambiwa yeyote. Katika Union Version, shikilia majina wanayoitana: kwa kawaida mwanamume husema “mpenzi wangu”, na mwanamke husema “mpendwa wangu”. Ndivyo 1:15 ilivyo ya mwanamume na 1:16 ya mwanamke. Na 2:10 ni ya mwanamke anayemnukuu mwanamume, hivyo itahitaji rangi moja juu na nyingine chini. Binti za Yerusalemu, wanaouliza katika 5:9 na 6:1, wapewe rangi ya tatu. Ila anayeuliza katika 8:5 ni nani huyo apandaye kutoka nyikani hatajwi, na mstari huo mimi nimeuacha mweupe.