Jinsi ya kununua CD ya gemu iliyotumika Mbeya, na lini umlipe aliyeitengeneza

Kabla hujatoa hela, fungua kasha ugeuze CD. Usidanganyike na picha ya nje. Mimi nina banda la gemu Mwanjelwa, runinga tatu na mashine tatu za PlayStation 4 (PS4), na kuna siku nilinunua gemu ya mpira pale Kabwe kwa elfu 35. Nafika bandani, vijana wameshakaa kwenye benchi wanasubiri, kumbe ndani ya kasha mna mbio za magari. Yule muuzaji sikumwona tena.

Peleka CD kwenye mwanga wa mlangoni, uiinamishe taratibu. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi hausumbui. Wa kuogopa ni ule unaofuata duara, maana data imeandikwa kwa kuzunguka, na mkwaruzo wa namna hiyo unaziba kipande kirefu cha njia yake. Ukiambiwa "paka dawa ya meno, itasoma", mrudishie mwenyewe. CD za PS3 na PS4 ni za aina ya Blu-ray, data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso. DVD za PS2 zilikuwa na milimita 0.6, ndiyo maana kuzisugua kuliwahi kusaidia. Hizi ukizisugua unazimaliza.

Halafu ijaribu, na hapa ndipo wengi wanapopigwa. PS4 hunakili gemu kutoka kwenye CD kwenda kwenye diski ya ndani, lakini inakuruhusu kuanza kucheza kabla haijamaliza. Unaonyeshwa mechi inaanza, unalipa, unapanda daladala mpaka Uyole, ukifika nyumbani kunakili kunagoma njiani. CD ya tabaka mbili inabeba GB 50, kwa hiyo vumilia. Agiza chai, kwa baridi ya Julai utaihitaji tu, ukae mpaka mstari wa kunakili kwenye runinga ujae. Muuzaji asiyekuruhusu kusubiri, muache na CD yake.

Tazama pia alama ya umri kwenye kasha, inakuonyesha CD ni ya kanda gani. PEGI ni ya Ulaya, ESRB ni ya Marekani. Gemu ya PS4 itacheza kwa vyovyote, ila nyongeza unazonunua mtandaoni lazima ziwe za kanda moja na CD. Vocha iliyomo ndani, ile yenye namba za kufungulia nyongeza, ihesabu imeshatumika. Na kama una PS5 isiyo na mdomo wa CD, usipoteze nauli.

Sasa lile ninaloulizwa kila wiki: nikinunua iliyotumika, namwibia mtengenezaji?

Mama yangu aliuza mitumba soko la Sido, nikasoma kwa mashati yale. Aliyeyashona hakuongezewa kitu, na hakuna aliyemwita mama mwizi: shati lilikuwa limeshalipiwa. CD nayo imeshalipiwa. Lakini niseme kweli, shati huchakaa, gemu haichakai. Mnunuzi wa tano anacheza kilekile alichocheza wa kwanza, na katika mikono yote minne ya baadaye mtengenezaji hapati kitu. Hoja yao ina uzito.

Walichokosea ni dawa. Mwaka 2010 kampuni ya gemu ya EA ilianza kumtaka mwenye CD iliyotumika alipe dola 10 ili acheze mtandaoni, ikaacha 2013. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji na uazimishaji wa CD za Xbox One, watu wakakataa, yakaondolewa Juni kabla mashine haijaingia sokoni. Nilifurahi sana. Kijana wa Soweto ya hapa Mbeya anayeniuzia gemu ya mpira ya msimu uliopita anaongezea hela hiyohiyo kununua toleo jipya. Ukimnyima haki ya kuuza, hilo jipya atalinunua kwa nini?

Kwa hiyo fanya hivi. Gemu za mpira za kampuni kubwa, nunua zilizotumika kwa moyo mweupe. Kampuni inaendelea kupata hela kwa pakiti za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu. Gemu ya timu ndogo, ya watu watano au kumi, subiri punguzo kwenye duka la mtandaoni uinunue huko, sehemu ya hela iwafikie. Mimi nimefanya hivyo hata kwa gemu ambazo wateja wangu hawazigusi. Na nakala ya kuchoma au mashine iliyochipiwa ili isome nakala hizo usiite "iliyotumika". Hiyo nakala haikulipiwa hata mara ya kwanza, na bandani kwangu haiingii.

Ukitaka kuuza yako, gemu ya mpira iuze Agosti. Toleo jipya kwa kawaida hutoka mwishoni mwa Septemba, na likishatoka la zamani linashuka bei vibaya. Iuze ndani ya kasha lake, umwambie mnunuzi mapema kwamba vocha umeshaitumia.