Kuiandikia manukuu ya Kiswahili filamu ya Poirot ya 1985

Thirteen at Dinner, filamu ya televisheni ya CBS ya Marekani iliyoongozwa na Lou Antonio, imefunikwa na matoleo mengine ya Poirot, mpelelezi wa riwaya za Agatha Christie. Haikustahili. Peter Ustinov ndiye Poirot, na Inspekta Japp anachezwa na David Suchet, miaka minne kabla Suchet hajawa Poirot mwenyewe. Faye Dunaway kabeba nafasi mbili: Jane Wilkinson, mke wa Lord Edgware, na Carlotta Adams, msanii hodari wa kuigiza watu. Manukuu yake, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yanataka umakini, maana katika riwaya ya Agatha Christie ya 1933 ushahidi umefichwa ndani ya maneno yenyewe. Hapa chini ushahidi huo unatajwa; asiyeijua hadithi aitazame kwanza.

Picha ni ya 4:3, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu. Ikivutwa ijaze kioo kipana, nyuso hutanuka, kwa hiyo rudisha 4:3 kwenye televisheni. Ukitumia VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza A mpaka ikae sawa. Upana ukiwa mdogo, weka herufi zisizozidi 37 kwa mstari, mistari miwili tu, nayo ikae sekunde moja hadi saba.

Manukuu yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, tatizo ni kasi. Nakala ya fremu 25 kwa sekunde hukimbia kuliko ya 23.976, na kila saa moja tofauti hufika dakika mbili na nusu. Kubonyeza G au H kwenye VLC hakutoshi, kwani vitufe hivyo husogeza manukuu yote kwa kiasi kilekile. Fungua faili la manukuu (SRT) kwa programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi ya fremu, kisha kagua sentensi ya kwanza na ya mwisho.

Sasa tafsiri. Saa zote zigeuze ziwe za Kiswahili. Katika riwaya, mwanamke anayejiita Lady Edgware anaingia nyumbani kwa Lord Edgware saa nne usiku, huku Jane akionekana kuwa kwenye chakula cha watu kumi na watatu. Ukiandika "saa kumi" umeivunja hoja nzima ya nani alikuwa wapi. Hao kumi na watatu nao wanahitaji neno la ziada: Waingereza huona idadi hiyo mezani ni nuksi kwa anayeinuka wa kwanza. Palipo na nafasi, andika "kumi na watatu, nuksi".

Usiweke jina la msemaji mbele ya maneno ya Dunaway pale ambapo hadithi haijamtaja. Ukiandika "CARLOTTA:" kwenye meza ya watu kumi na watatu, umemaliza upelelezi kabla ya Poirot.

Kwenye mazungumzo ya chakula, acha "Paris" peke yake. Wageni wanamzungumzia Paris wa ngano za Kiyunani, na kuna anayedhani ni mji. Ukiongeza "jiji la", kosa lake linakuwa lako.

Kazi nzito ni barua ya Carlotta kwa dada yake. Ukurasa umechanwa pembeni, "she" imepoteza herufi ya kwanza ikabaki "he", na wote wakaanza kumtafuta mwanamume. Kiswahili husema "alisema" tu. Hakuna jinsia, hivyo mtego haukamati mtu. Barua inaposomwa mara ya kwanza, andika "yule bwana alisema". Ni kuongeza, lakini ndicho anachosikia msikilizaji wa Kiingereza. Poirot anapofumbua, yaache maneno mawili ya Kiingereza kwenye alama za kunukuu: "she", mwanamke, "he", mwanamume. Yape sekunde zote saba, mtazamaji aone herufi iliyopotea.

Kabla ya kulifunga faili, mkalishe mtu asiyeijua hadithi. Barua ikishasomwa, simamisha filamu umuulize anamshuku nani. Akitaja mwanamke, rudi kwenye barua.