Kukodi filamu ya HD kwenye intaneti ya nyumbani yenye kikomo: hatua kwa hatua

Nafunga na kurekebisha intaneti za majumbani hapa Dar es Salaam. Wikendi simu nyingi ninazopokea ni za aina moja: filamu imeshalipiwa, kifurushi kinasema 10 Mbps (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi), lakini picha inaganda kila dakika chache au inakuja na ukungu. Juzi nilikuwa kwa jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, aliyetaka wajukuu waone filamu Jumamosi jioni. "Mwanangu, hela yangu imeliwa?" Haikuliwa, filamu waliiona. Naandika njia tuliyopita.

Hatua ya 1: Jua vikomo vyako, maana ni viwili

Kikomo cha kwanza ni kasi unayoilipia. Cha pili kimo ndani ya mkataba, kwenye sera ya matumizi ya haki: ukifikisha GB kadhaa ndani ya mwezi, kasi inashushwa mpaka siku ya kulipia tena. Tangazo linaweza kusema "bila kikomo" na kweli intaneti haikatwi, ila kutoka 10 Mbps unaachiwa 2 au 1. Piga huduma kwa wateja, uliza maswali mawili: natumia GB ngapi kabla hamjapunguza kasi, na baada ya hapo nabaki na ngapi? Usikubali jibu la "inategemea". Hii ni haki yako kama mteja, na mimi huwasisitiza wateja wangu waulize kabla ya kusaini.

Hesabu yenyewe: Netflix wanapendekeza 5 Mbps kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, na 15 Mbps kwa 4K, iliyo kali zaidi. Maduka ya kukodisha hayako mbali na hapo. Kwa 5 Mbps, saa moja inakula GB 2.25, kwa hiyo filamu ya saa mbili ni kama GB 4.5. Na usichanganye Mbps na MB: megabiti nane ndizo zinazotengeneza megabaiti moja, kwa hiyo 10 Mbps inashusha MB 1.25 tu kwa sekunde.

Hatua ya 2: Pima kasi

Fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi, kwenye TV yenyewe au simu iliyowekwa pembeni yake, muda ule ule utakaotazama. Kipimo cha saa nne asubuhi ukiwa umesimama karibu na ruta hakikusaidii kitu saa mbili usiku. Ukipata chini ya 5, chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye TV upime tena. Waya ukileta 10 na waifai 3, mara nyingi tatizo ni kuta zako, na dawa ni waya. Mimi waifai siiamini kwa TV. Waya wa mita 15 ni bei ndogo kuliko vile vikuza mawimbi vinavyouzwa kila duka.

Hatua ya 3: Kodi

Tumia duka linalokodisha filamu nchini kwako, kama YouTube au programu ya Apple TV, na kadi ya Visa au Mastercard, hata ile ya mtandaoni inayotengenezwa kwenye menyu ya pesa za simu. Kitufe cha kukodi kisipoonekana, huenda duka la nchi ya akaunti yako halikodishi filamu hiyo. Chagua HD, achana na 4K.

Hatua ya 4: Pakua kwanza, usibonyeze kucheza

Kwa kawaida una siku 30 za kuanza kutazama tangu ulipie. Ukishabonyeza kucheza, ndipo saa 48 zinapoanza kuhesabiwa. Kupakua hakuanzishi saa hizo. Kwa hiyo kodi Alhamisi, acha ipakuliwe usiku watu wamelala, tazameni Jumamosi. Hata kasi iliyoshushwa hadi 2 Mbps inamaliza GB 4.5 kwa saa tano. Kutazama moja kwa moja kwa kasi hiyo hiyo, HD huipati.

Kabla ya kupakua ingia kwenye mipangilio uangalie ubora wa video zinazopakuliwa. Programu nyingi huchagua zenyewe ubora mdogo ili kuokoa nafasi. Zima pia kuhifadhi picha mtandaoni kwenye simu za nyumba nzima kwa usiku huo, na kamera za ulinzi zinazopeleka video nje kama unazo.

Sasa kwa wenye Android. Widevine ni mfumo unaolinda filamu zisinakiliwe, na simu yenye kiwango chake cha L3 kwa kawaida hupewa picha ya kawaida (SD) tu, hata kama umelipia HD na intaneti yako ni ya kasi. Simu nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Pakua programu ya DRM Info, itakuonyesha kama una L1, kile kinachoruhusu HD, au L3. Ukikuta L3, kodi kwa bei ya SD, au tumia kifaa kingine. Usipoteze jioni nzima ukizima na kuwasha ruta, haihusiki.

Hatua ya 5: Kuipeleka kwenye TV

Hapa ndipo jirani alipokwama, na ndipo wengi wanapokwama. Filamu ilishapakuliwa yote kwenye tableti. Wajukuu wakabonyeza alama ya kutuma kwenye TV, ile ya Chromecast, na ikaanza kuganda upya. Sababu ni kwamba alama ile haitumi faili lililomo kwenye tableti. Inaiambia TV ikaichukue filamu yenyewe mtandaoni. Kazi yote ya usiku inakuwa bure, na GB 4.5 nyingine zinaliwa.

Tumia waya. Tableti au simu yenye tundu la USB-C inahitaji adapta ya kwenda HDMI, lile tundu la video la TV, lakini hakikisha kwanza kifaa kinatoa picha kupitia tundu hilo, kwa sababu Android nyingi za bei nafuu zinachaji tu. iPhone na iPad za tundu la zamani zinahitaji adapta ya Apple yenyewe. Nasema ya Apple kwa makusudi: za mtaani nyingi hazikubali HDCP, ulinzi ambao filamu za kulipia hudai kwenye HDMI. Dalili yake ni skrini nyeusi huku sauti inasikika, au ujumbe wa kosa, wakati video zako za harusi zinaonekana vizuri kabisa. Ukiiona hali hiyo, badilisha adapta kabla hujagusa kitu kingine. Dukani, ijaribu kwa filamu ya kulipia, usiijaribu kwa picha.

Hatua ya 6: Tazameni

Chomeka chaja, maana skrini itawaka saa mbili. Mkiishia katikati, mna saa 48 za kumalizia, kuanzia mlipobonyeza kucheza. Baada ya hapo filamu haifunguki tena. Kama faili bado linachukua nafasi kwenye kifaa, lifute.