Kuendesha baiskeli kwenye vijia vya msituni: mwongozo kutoka vilima vya Brown County, Indiana

Mtu aliyezoea baiskeli ya barabarani, akiingia msituni kwa mara ya kwanza, huhangaikia nguvu za miguu yake, ilhali mambo yanayoamua kama atashuka salama ni mahali anapotazama na wakati anaposhika breki. Mwongozo huu unahusu zaidi mambo hayo mawili, nami ninauandika kutokana na vijia vya Hifadhi ya Jimbo ya Brown County, kusini mwa Indiana nchini Marekani, ambako nilijifunzia na ambako ninarudi kila mwaka.

Hifadhi hiyo ilifunguliwa mwaka 1929, na kwa ukubwa wake wa takriban ekari 16,000 inazipita hifadhi zote za jimbo hilo. Barafu nene ya enzi za kale iliyosawazisha sehemu kubwa ya Indiana haikuvilaza vilima hivi, na ndiyo maana mtu anayetoka Indianapolis akipita kwenye mashamba tambarare ya mahindi hujikuta ghafla mbele ya miinuko mikali iliyofunikwa na mialoni. Vijia vya baiskeli vina urefu unaozidi maili 30, na sehemu nyingi ni vyembamba kiasi kwamba baiskeli mbili hazipishani mpaka moja isimame pembeni. Mwanafunzi aanze na Pine Loop, ambacho ni kifupi na chepesi. Aynes Loop na Walnut vinamfaa aliyekwisha kuzoea, na Schooner Trace, chenye mawe mengi, akiache mpaka awe mzoefu kweli. Langoni hulipwa kiingilio, na baiskeli huhitaji kibali chake cha siku au cha mwaka.

Kabla ya kufunga baiskeli kwenye gari, uliza kwanza hali ya ardhi. Udongo wa huko una mfinyanzi mwingi, na mwishoni mwa majira ya baridi huganda usiku na kuyeyuka mchana, hata uso wake ukawa laini kama uji mzito ilhali chini bado ni mgumu. Wajenzi wa vijia hivi hukata ubavu wa kilima na kuuacha uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, ili maji ya mvua yakatize na kuendelea zake. Tairi likipita kwenye tope huacha mfereji, na mvua inayofuata, badala ya kukatiza, huufuata mfereji huo na kuuchimba mpaka njia inageuka korongo. Kwa hiyo, ukiona tairi lako linaacha alama yenye kina, rudi. Ukikutana na dimbwi moja tu katika njia iliyo kavu, pita katikati yake taratibu, kwa sababu kila anayelizunguka huipanua njia na kuua mimea ya kando. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa ukarabati wa vijia hufanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea, kwa majembe na mikono yao.

Baiskeli yenyewe haihitaji kuwa ya gharama kubwa, lakini breki zake lazima zishike vizuri, na matairi yawe mapana yenye meno. Kosa la kawaida ni kuyajaza upepo mwingi kama ya barabarani. Tairi gumu hudunda juu ya mizizi, ilhali lenye upepo wa kiasi huukumbatia mzizi na kushika ardhi. Kwa mtu wa uzito wa kawaida anayetumia tyubu, pauni 28 hadi 32 kwa inchi ya mraba zinatosha kuanzia; wenye matairi yasiyo na tyubu wanaweza kushuka kidogo zaidi. Vaa kofia ngumu iliyokaza kidevuni na glavu, kisha beba maji, pampu, tyubu ya akiba na vifaa vya kuziba pancha, kwani mabondeni simu haishiki mtandao kila mahali.

Kwenye mteremko, usikae. Shusha kiti kabla hujaanza, simama juu ya pedali zote mbili zikiwa zimelala sawa na ardhi, kunja magoti na viwiko, na uache uzito wako utue miguuni, huku mikono ikishika usukani bila kuung'ang'ania. Mtu aliyesimama hivyo huiacha baiskeli icheze chini yake, lakini aliyekaa hurushwa na kila jiwe.

Sasa macho. Baiskeli hufuata uso wa anayeiendesha, na hilo nililipata kwa maumivu. Katika msimu wangu wa kwanza nilikuwa nikishuka mahali ambapo kijia kinapita kati ya miti miwili, na nafasi ilitosha kabisa. Nikautazama mti wa kulia kwa kuuogopa, nikaendelea kuutazama, na ncha ya usukani ikaenda moja kwa moja kwenye gome lake. Bega liliniuma kwa wiki kadhaa. Tangu hapo, kila ninapokaribia uwazi kati ya miti, ninayatuma macho katikati yake na kuyavusha hadi upande wa pili, na miti yenyewe ninaiona kwa pembe ya jicho tu. Fanya vivyo hivyo kwenye kona: kabla gurudumu la mbele halijaingia, geuza kidevu uelekee mahali unapotaka kutokea, na mabega yatafuata. Kwenye njia iliyonyooka, tazama mita kadhaa mbele, kwa sababu mzizi ulio chini ya tairi sasa hivi huwezi tena kuubadilishia chochote.

Breki zina kanuni moja ngumu kuizoea: punguza mwendo kabla ya kona, kisha ziachie ukiwa ndani yake. Tairi lina uwezo wa kushika ardhi wenye kikomo, na ukiutumia kusimama na kugeuka kwa wakati mmoja, litateleza. Shika kila breki kwa kidole kimoja cha shahada, ukikaza polepole. Wengi huikwepa ya mbele kwa kuogopa kupinduka, ilhali ndiyo yenye nguvu zaidi. Kinachompindua mtu ni kuibana kwa ghafla huku mwili umeegemea mbele. Ukiisikia ya nyuma ikiburuza tairi lililoacha kuzunguka, ilegeze, kwani unapoteza mwelekeo na pia unachimba njia.

Mizizi iliyolowa inahitaji subira. Ikatize kwa pembe ya mraba, bila kushika breki na bila kugeuza usukani ukiwa juu yake. Kuanzia Oktoba majani yaliyopukutika huificha, kwa hiyo punguza mwendo hata pale unapopajua.

Kwenye mwinuko, badilisha gia kabla cheni haijaelemewa, sogea kwenye ncha ya kiti, inamisha kifua na ukanyage kwa mzunguko ulio sawa. Kijia cha Hesitation Point hupanda hadi mahali pa kutazamia vilima, na ukikipanda kwa pumzi ya kawaida utafika ukiwa na nguvu za kushuka.

Anayeshuka humpisha anayepanda, na wote huwapisha wanaotembea kwa miguu. Njia za farasi ni za farasi, baiskeli haziruhusiwi humo. Siku chache za Novemba hifadhi hufungwa kwa ajili ya uwindaji wa kupunguza kulungu, basi hakikisha tarehe. Ukimkuta nyoka mwenye njuga mkiani, simama mbali na umpe muda wa kuondoka. Ni mnyama anayelindwa na sheria za Indiana.

Ukifika nyumbani, jikague mwili mzima kutafuta kupe, hasa nyuma ya magoti, kinenani na kwenye mstari wa nywele, kwa kuwa wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta amejichimbia, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu moja kwa moja, bila kumsokota, kisha osha mahali hapo kwa sabuni.