Jinsi ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari kati ya Viwanja Viwili vya Ndege vya Mikoa

Anza kwa kuhakikisha misimbo ya viwanja vyote viwili, yaani ile ya herufi tatu inayochapwa kwenye tiketi au ile ya herufi nne wanayoitumia marubani, kwa kuwa miji yenye majina yanayofanana ni mingi na kosa la hapa huharibu hesabu yote. Kisha, kwa kutumia latitudo na longitudo zao, pima njia fupi kabisa inayofuata mviringo wa dunia. Matokeo yakiwa katika maili za baharini, zidisha kwa 1.852 ili upate kilomita.

Muda ndio wenye mitego. Ndege ya propela yenye abiria wapatao 70 husafiri kwa takriban kilomita 500 kwa saa, na ya jeti hukaribia 800, lakini kasi hizo hufikiwa angani tu. Kwa hiyo, baada ya kugawanya umbali kwa kasi, ongeza kama dakika 25 za ndege kutembea ardhini, kupaa na kushuka: kilomita 400 kwa propela ni dakika 48 hewani, ila ratiba itaandika zaidi ya saa moja. Ndiyo maana, kwa safari fupi, jeti haiokoi muda mwingi kama watu wanavyodhani.

Upepo wa mbele au wa nyuma hubadilisha hesabu, na saa za tiketi ni za mahali husika, hivyo viwanja vikiwa katika kanda tofauti za saa, rekebisha kwanza.