Filimbi ya Kunguru: Jinsi ya Kumtafuta Bata Mzinga Dume Katika Misitu ya Marekani

Aprili ikifika hapa Kentucky, msitu huanza kusema kabla jua halijachomoza. Hutangulia bundi, wakafuata ndege wadogo, na ukijaliwa utamsikia bata mzinga dume aliyelala juu ya mti akitoa ule mlio wake wa golo-golo-golo, ambao asubuhi tulivu husikika kilomita moja au zaidi. Kuna siku lakini hasemi neno. Hapo ndipo filimbi ya kunguru, yaani filimbi inayoiga mlio wa kunguru, huingia kazini.

Machipuko ni msimu wao wa kupandana, na dume huwa amechangamka mno. Sauti yoyote ya ghafla, iwe radi, mlango wa gari, bundi au kunguru, humfanya alie papo hapo bila kupenda, kama mtu anavyopiga ukelele akishtuliwa gizani. Mwindaji anataka ukelele huo tu. Filimbi hii haimwiti aje. Inamfanya aseme yuko wapi, naye hajui kuwa umeuliza. Wengi wetu tunaoanza hatuoni tofauti hiyo, tunakimbilia kuiga sauti ya jike tukiwa bado tumesimama njiani. Dume akija mbio wakati hujaketi, atakuona kabla hujamwona, maana macho yake ni makali ajabu, na asubuhi hiyo imekwisha.

Kabla ya kupambazuka na wakati wa magharibi, watu huiga bundi. Jua likishatoka, kunguru ndiye anayefaa, kwa kuwa yeye hupiga kelele kutwa nzima na hakuna kiumbe anayemshangaa. Sisi wa Pwani tumekua na kunguru juu ya mabati, kwa hiyo sikio tunalo. Ila wa Marekani ana sauti nzito kidogo kuliko wale wa Mombasa na Unguja, kaa! iliyokatwa ghafla.

Filimbi yenyewe ni kijibomba kifupi cha mti au plastiki, ndani yake mna ulimi mwembamba kama wa zumari. Pumzi itoke tumboni, si mashavuni. Piga kaa! kaa! kaa! kwa nguvu, mara tatu fupi, kisha nyamaza kabisa. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa napuliza mfululizo hadi mara kumi na tano. Mzee mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi ghalani akanishika mkono: dume alikuwa amejibu kwenye mlio wa kwanza kabisa, na kelele zangu zikamfunika. Tangu siku hiyo nahesabu tatu na kusikiliza dakika nzima. Mkiwa wawili, mwenzako asimame hatua ishirini au thelathini mbali nawe, kwa sababu masikio ya anayepuliza yamejaa sauti yake mwenyewe.

Tembea kwenye mgongo wa kilima, chini kidogo ya kilele ili usionekane dhidi ya anga, na usimame kila bonde jipya linapofunguka. Kabla ya kupuliza, chagua kwanza mti utakaouegemea, kwani huenda akajibu kutoka mita themanini. Akijibu, weka filimbi mfukoni. Mkaribie kimyakimya, kilima kikiwa kati yenu, hadi mita mia moja au mia na hamsini hivi, kisha keti. Sasa ndipo sauti ya jike ina maana, na iwe ya upole. Kwa bunduki ya marisau, usifyatue akiwa zaidi ya mita 35. Ukimjeruhi akaenda kufia kichakani, umemtesa bure.

Usalama nausema kwa uzito. Usinyemelee kamwe mlio wa bata mzinga ulio karibu nawe, wa dume wala wa jike, maana huenda ni mwindaji mwingine anayeiga, naye ana kidole kwenye kifyatulio. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Usivae chochote chekundu, cheupe wala cha bluu, hata soksi, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukiwa unatembea, vaa kitu cha rangi ya machungwa inayong'aa.

Nguo za madoadoa huuzwa hapa dukani kama shati la kawaida. Usizitie kwenye sanduku la safari ya nyumbani. Kenya, Tanzania na Uganda, raia akikutwa na mavazi yanayofanana na ya jeshi anaweza kukamatwa.

Kuhusu karatasi: sheria ya shirikisho humkataza aliye nchini kwa viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na hati haruhusiwi kabisa. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki ya rafiki, kwani kosa hapa laweza kukuondoa nchini. Kentucky hudai kozi ya usalama kwa waliozaliwa 1 Januari 1975 au baadaye, pamoja na leseni na kibali cha bata mzinga. Kwa ndugu waliotoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kozi hiyo ndiyo shule yao ya kwanza. Nendeni bila haya. Shamba la mtu liombwe ruhusa mchana kweupe, wiki kadhaa mapema, mwenyewe akakujua uso na gari lako. Sisi wageni weusi hatupaswi kukutwa na bunduki alfajiri mahali ambapo hakuna anayetufahamu.

Waislamu wenzangu huniuliza kuhusu nyama. Mimi hupiga bismillahi ninapofyatua, na nikimkuta bado hai humchinja mara moja, kisu kikali kiko kiunoni daima. Mambo mengine ya fiqhi, muulize shehe wako kabla ya msimu.

Kuna asubuhi utapuliza kwenye mabonde matano na usijibiwe. Usiende nyumbani. Kuanzia saa nne majike huondoka kwenda kwenye viota vyao, dume hubaki peke yake, na aliyenyamaza alfajiri huweza kujibu kunguru wa kwanza. Angalia tu sheria ya jimbo lako, kwa kuwa kuna majimbo yanayofunga uwindaji saa sita au saa saba mchana. Majibu mengi mazuri niliyowahi kupata yalikuja saa hizo, magari ya wenzangu yakiwa yameshaondoka maegeshoni.